Tunda la Kumzika Ndugu Yangu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila mwaka hufika siku ambapo nalazimika kusimama mbele ya watoto wa watu na kuwafundisha kutunza mazingira. Ukutani katika darasa langu kuna mchoro wa mti wenye macho na tabasamu. Chini yake nimeandika kwa mkono wangu, kwa hati nzuri ya kalamu nyekundu: KATA MTI MMOJA, PANDA MIWILI. Watoto husoma maneno hayo kwa pamoja huku wamenyoosha shingo, nami huwaambia vizuri sana, rudieni. Hawajui kwamba aliyeyaandika alikata mti mmoja na hakupanda kitu. Wakaguzi wakija huusifu mchoro ule, na mimi hushukuru.

Kwetu ni upande wa Uriri, kwenye mteremko unaoshuka hadi kijito kinachoingia mto Kuja. Mti ninaousema ulisimama nyuma ya boma letu, mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakilala kivulini saa za jua kali. Kiswahili cha vitabuni kinauita mwegea. Sisi tunauita yago. Ni mti mkubwa usio na haraka, wenye maua mekundu yanayonuka na matunda yanayoning'inia kwa vikonyo virefu. Tunda lake ni nene, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na uzito wake unaweza kumzimisha mtu aliyekaa vibaya chini yake. Haliliwi. Wageni wakiuona mti huo huuliza una faida gani, na sisi hubaki tukitazamana.

Faida yake ni hii. Mtu akifa mahali ambapo mwili wake hauwezi kurudi nyumbani, hasa akimezwa na ziwa, watu wake huchukua tunda la yago, wakalivika nguo zake, wakalilaza ndani ya jeneza na kulizika kama wangemzika yeye. Watu hulia, mhubiri huhubiri, sufuria hupanda motoni. Baada ya hapo mtu huyo amezikwa na wenyewe wanaweza kupata usingizi. Bila tunda hilo hajazikwa, na mama yake huamka kila asubuhi akiwa na mtoto ambaye bado yuko nje mahali fulani. Sisi ni Wakristo, mama yangu ni mwanakwaya wa miaka mingi, lakini jambo hili halijawahi kugombana na kanisa ndani ya kichwa chake.

Tumbaku iliingia kwetu nikiwa mdogo. Kampuni ilileta mbegu, ikaleta mbolea, ikaleta karani mwenye pikipiki na daftari. Kuni haikuleta. Kuni zilikuwa juu yetu, na hakuna aliyeuliza zitatoka wapi kwa sababu siku hizo ukisimama mlangoni uliona miti kila upande. Majani mabichi ya tumbaku yakishatundikwa ndani ya bani, yaani kile kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia, unawasha moto na huuzimi mpaka karibu wiki nzima iishe. Moto ukilegea nusu siku tu, majani yanageuka kahawia yenye madoa, na jasho la msimu mzima limekwenda. Sasa hesabu mwenyewe, kila boma mteremkoni lilikuwa na bani yake. Tulianza kukata ya mbali, tukaja ya karibu. Mikaratusi tuliyoambiwa tuipande kwa ajili ya kuni tuliikata ikiwa bado na unene wa paja la mtoto. Tukahamia kwenye ua, kisha kwenye miti ya kivuli.

Karo yangu ya chuo cha ualimu ilitoka ndani ya bani ile. Kwa hiyo sitajifanya kwamba nilikuwa mtazamaji tu. Nawasikia wenzangu wakiilaani kampuni, nami nailaani pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wao, na kila nikimaliza kulaani nabaki na lile shoka mkononi.

Nilikuwa nyumbani likizo. Moto wa bani ulikuwa katika siku ya nne, na mchana wa siku hiyo kuni zikaisha. Baba alikuwa ametoka alfajiri na mkokoteni wa ng'ombe kwenda kutafuta nyingine ng'ambo ya kijito, na alikuwa hajarudi. Nyumbani tulikuwa watatu, mama, mimi na ndugu yangu mdogo, ambaye alinifuata kwa kuzaliwa na kunipita kwa urefu. Yeye ndiye aliyekuwa akichochea moto. Alitoka bani amejaa majivu usoni akasema yamebaki magogo mawili.

Nilikwenda nyuma ya boma na shoka la baba. Mama alinifuata.

“Huo si wa kuni,” akasema.

“Mama, moto unakufa.”

“Wacha ufe.”

“Na karo yangu? Na chakula cha nyumba hii?”

“Nimesema huo si wa kuni. Unajua ni wa nini.”

Nilijua. Lakini nilikuwa nimekaa chuoni mwaka mmoja na nusu, na hakuna mtu mjinga kama aliyesoma mwaka mmoja na nusu. Nikamwambia, tena kwa sauti ya kufundisha, “Mama, sisi si watu wa ziwa. Sisi ni wakulima. Nani wetu atapotea majini?”

Ndugu yangu alisimama pale akipangusa uso. “Si tumngoje mzee tu,” akasema. “Hawezi kukosa kuni kabisa.”

“Mzee akirudi akute majani yameharibika, wewe ndiye utamwambia?”

Mama aligeuka akaingia nyumbani na kufunga mlango, mchana ule wa jua. Tulikata kwa zamu, mimi na yeye, mpaka ulipoanguka, na ulipoanguka matunda yakapasuka chini yakatawanya mbegu na ule ute wake kila mahali. Ng'ombe walikuja kunusa, tukawafukuza.

Ninachotaka kuwakumbusha wote wanaofikiri kwamba uharibifu hufanywa na watu wenye akili nyingi na mipango mikubwa ni kwamba mti wa yago una maji. Mti mbichi wa yago ni kama sifongo. Tuliusukuma ndani ya tanuri la bani magogo mazima, ukatoa moshi, ukatoa povu kwenye ncha, ukalia, lakini joto haukutoa. Moto ulizubaa saa ile ile tuliyotaka uwake. Jioni jua likizama baba alirudi na mkokoteni umejaa kuni kavu. Aliutazama mti. Hakufoka. Aliketi juu ya shina akavua viatu, akakaa hapo muda mrefu na soksi zake. Majani yale yalipopelekwa kituoni kwa kampuni, karani aliyashika kwa vidole viwili akayarudisha.

Mama hakulitaja jambo lile tena. Wala baba. Ndugu yangu ndiye aliyelitaja, kwa utani, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kutaja mambo.

Baadaye yalifuata yale ambayo kila mtu wa kwetu anayajua, sitayarefusha. Mteremko bila miti haukushika mvua. Kila masika udongo wetu ulishuka na maji, mwekundu, ukaingia kijitoni, kutoka kijitoni hadi Kuja, kutoka Kuja hadi ziwani. Ukifika pale mto unapomwagika karibu na Karungu unaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakisukumana na maji ya ziwa. Lile ni shamba la baba. Shamba letu lilitangulia ziwani kabla ya ndugu yangu. Kampuni nayo siku moja ilifunga kituo na kwenda zake, ikatuachia mabani. Baba akafa kwa kifua. Ndugu yangu alirithi sehemu ya chini, ambako mahindi yalifika magotini yakaanza kutoa ndevu kana kwamba yamezeeka utotoni. Alilima misimu mitatu, kisha akatundika jembe na kuhamia Karungu kuvua.

Alikuwa akinipigia simu siku za Jumapili. Alikuwa akiniita Mwalimu, hata kabla sijawa mmoja.

“Mwalimu, huku tunavua watoto wa samaki,” aliniambia mara moja. “Wazazi wao tumeshawamaliza.”

Alinieleza wanavyofanya. Karibu na ufuo watu wanakokota nyavu za macho madogo, wengine wameshona neti za mbu zile za kugawiwa hospitalini, na kila kitu kinachopumua kinapanda, mbuta wa urefu wa kidole, ngege ambaye hajawahi kutaga. Kwa hiyo ufuoni hapana kitu. Mtu anayetaka samaki wa kuuzika lazima aende mbali, kwenye kilindi, kwa mashua iliyotengenezwa kwa ajili ya karibu.

Nikaanza kumhubiria. Nikamwambia hizo nyavu ni kinyume cha sheria, kwamba samaki asipoachwa akazaa ziwa litabaki maji tu, maneno ya ukutani kwangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. “Na yago?” akauliza, na akacheka kile kicheko chake cha puani, akakata simu.

Walikuwa watatu siku ile mashua ilipopinduka. Upepo uliwakuta mbali, asubuhi, wakivuta nyavu. Wawili walishikilia madumu wakaokotwa. Yeye aliachilia dumu, walisema, akijaribu kuufikia wavu uliokuwa ukizama. Sijui kama ni kweli. Namjua, nadhani ni kweli.

Nilikwenda Karungu na mama. Wavuvi wa pale wana desturi moja inayonifanya niwaheshimu hata nikiwa na hasira nao. Mwenzao akiwa majini, hakuna anayekwenda kuvua. Nyavu zote zinakaa chini, mashua zote zinakwenda kumtafuta. Walimtafuta siku baada ya siku, watu ambao watoto wao walikuwa wanangoja chakula. Mama alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani, ameelekea maji. Walimletea ugali na samaki, akala ugali. Tangu siku hiyo hajala samaki, na huo ni mwaka wa ngapi sasa.

Wiki ilipopita, mwenyekiti wa bichi, yaani mkuu wa wavuvi wa ufuo ule, mzee mnene mwenye sauti ya upole, alituita kando. “Mwalimu,” akasema, “tumejaribu. Pale alipoingia ni kina kirefu, na chini kuna nyavu zilizokatika, zinashika kila kitu. Nafikiri ziwa halitamtoa. Rudini nyumbani, mtafute yago, mumzike.”

Alisema kana kwamba ananiambia nikanunue sukari dukani. Nilimtazama mama. Mama hakunitazama. Alikuwa anafunga leso yake kichwani, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena.

Nilidhani itakuwa kazi ya siku moja. Sikuwa nimeutafuta mti wa yago maishani mwangu, nilikuwa naona tu kwamba upo. Nikaanza kwa jirani wa juu. Akanionyesha kisiki. Wake pia ulikwenda bani, mwaka mmoja baada ya wetu. “Niliona nyinyi mmekata,” akasema, “nikajua basi haina neno.” Wa shule ya zamani ulipasuliwa makaa. Wa njia panda uliondolewa barabara ilipopanuliwa. Kulikuwa na mmoja mkubwa kando ya Kuja ambao nilikuwa na uhakika nao, kwa sababu nikiwa mdogo tulikuwa tukiuogopa, na nilipofika nikakuta wachimba mchanga wamekula ukingo mpaka mizizi ikabaki hewani, na mti ukalala mtoni. Kila nilipouliza nilipata jibu lile lile. Ulikuwa hapo. Watu wanaonyesha kwa kidole mahali penye hewa tupu, wanasema ulikuwa hapo, na wana adabu ya kusikitika.

Mhubiri wetu aliposikia ninavyohangaika alikuja kunifariji. Alisema kanisa halina shida, tunaweza kufanya ibada nzuri, tukaweka picha yake mezani na maua.

Mama alikuwa jikoni, lakini alisikia. “Picha haizikwi,” akasema kutoka huko huko.

Mhubiri akakohoa. Akasema basi, kama kutakuwa na jeneza, yeye atakuja, na hatauliza kuna nini ndani. Mpaka leo nampenda kwa neno hilo.

Mama alimwita fundi akamwagiza jeneza. Akampa kipimo cha ndugu yangu mwenyewe, kwa kunyoosha mkono juu ya kichwa chake mpaka mahali alipokuwa akifika. Jeneza likaja, likawekwa sebuleni, refu na wazi, na kila asubuhi tulilipita tukienda kuchota maji. Wageni walikuwa wameanza kuuliza mazishi ni lini. Mimi nilikuwa nawaambia karibuni, huku nikijua kwamba matunda ya kumzika yalikuwepo nyuma ya nyumba hii hii, mengi, na kwamba mti wake niliutia motoni ili nimalize chuo.

Mmoja wa wale wavuvi wawili waliookoka ndiye aliyenipigia simu. Alisema amesikia kwamba Takawiri, kile kisiwa kidogo upande wa Homa Bay, kuna mama mjane mwenye mti wa yago. Nilikwenda mpaka Mbita, kisha nikapanda boti. Sikuwa nimewahi kuvuka ziwa. Nilishika ubao kwa mikono miwili njia nzima na sikutazama maji, kwa sababu kila mahali palikuwa ndipo alipo.

Mjane hakuwa mtu wa kupendeza. Nilimkuta anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya neti, na kabla sijamaliza kusalimu akasema, “Yago, si ndiyo? Nani wako?”

“Ndugu yangu, mama. Karungu.”

“Karungu pia. Wiki iliyopita alikuja mtu wa Rusinga. Kabla yake wawili wa bara. Mnakuja mpaka huku kisiwani, kwenu hakuna miti?”

Nilitazama omena zilizoanikwa.

“Hakuna,” akajijibu. “Mnakata ya kwenu halafu mnakuja kumaliza yangu.”

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Mti ulikuwepo, mzee, upande mmoja umekauka. Vikonyo vilikuwa vingi, vinaning'inia vitupu, vimekatwa. Mwisho wa kimoja, chini ya tawi la ndani, kulikuwa na tunda moja la kijani, dogo, urefu wa kiganja changu na vidole vyake.

“Lile hapo,” akasema, “na lile silitoi. Naliacha likomae, nataka mbegu. Huu mti haujabakiza miaka mingi, hata wewe unaona. Ukianguka huu, watu wa hapa watazika nini?”

Nilipiga magoti. Mwalimu mzima, na suruali yangu ya shuleni. Nikamwambia mama yangu ana jeneza sebuleni lililo wazi. Nikamwambia hali samaki, halali usiku, anafunga na kufungua leso. Nilisema kila kitu kilichokuwa kweli.

Akaniuliza, “Kwenu mlikuwa nao?”

“Ulikuwepo.”

“Nani aliukata?”

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu. “Baba,” nikasema. “Ni marehemu sasa.”

Uso wake ukalegea. “Wazee wetu,” akasema. “Hawakujua walilotenda. Basi si kosa lako, mtoto wangu.” Akachukua upembo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akalishusha tunda lile yeye mwenyewe, akalifuta vumbi kwa kanga yake na kunikabidhi kwa mikono miwili. Lilikuwa jepesi. Kikonyo kilikuwa kinatoa maji. Tunda changa namna hiyo halina mbegu inayoota, na sote wawili tulilijua hilo, na hakuna aliyelisema. Nililitia kwenye mkoba wangu wa vitabu nikashuka ufuoni.

Boti ilikuwa inashusha abiria. Wa mwisho kushuka alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vya ngozi alivyokuwa amevivua na kuvishika juu ya maji. Chini ya kwapa alikuwa na gunia tupu, lililokunjwa vizuri. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

“Ndugu yangu, samahani,” akasema kwa lugha yetu. “Nimeambiwa hapa kuna mama ana yago.”

Mkoba ulikuwa begani mwangu. Nilihisi tunda limeniegemea mbavuni.

“Yupo,” nikasema. “Fuata njia hiyo, nyumba yenye omena.”

“Na matunda yapo?”

Nahodha alikuwa ananiita, injini inawaka. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia Mungu akubariki, akavaa viatu vyake akaanza kupanda. Boti ilipogeuka nilimwona bado anapanda, gunia kwapani. Nilikuwa na muda wa kutosha kupaza sauti.

Tulizika kesho yake. Mama ndiye aliyelivika tunda. Nilipolitoa mkobani alilipokea, akalishika, akasema, “Ndiye huyu?” na hakungoja jibu. Alilizungushia shati la ndugu yangu la bluu, na shati lilikuwa kubwa kiasi kwamba aliliviringisha mara nne. Jeneza likafungwa. Tulipoliinua mabegani, sisi sita, na kuanza kutembea, tunda likabiringika ndani. Likagonga ubao wa huku, likagonga wa kule. Kila hatua tuliyopiga lilijibu. Kwaya iliimba kwa nguvu zaidi lakini kila mtu alisikia. Mama akainua mkono tukasimama, tukaliteremsha. Akafungua kifuniko mbele ya watu wote, akaingia nyumbani, akarudi na nguo zote za ndugu yangu zilizobaki, suruali, sweta, koti la mvua la uvuvi, akazijaza pande zote mpaka tunda likatulia. Kisha akatuambia tubebe. Mhubiri alikuwa akitazama Biblia yake.

Kaburi liko nyuma ya boma. Kuna kisiki karibu, na wachimbaji walipata taabu na mizizi.

Watu walipoondoka nilibaki na mama pale tukinawa udongo, mimi nikimmiminia maji kwa kikombe. Alikuwa ametulia kwa mara ya kwanza tangu Karungu. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini umetulia, na nilijua usiku huo angelala. Hicho ndicho nilichokuwa nimekitafuta, na nilikuwa nimekipata.

“Huyo mama wa kisiwani,” akasema, “mti wake una matunda mengi?”

Nilimmiminia maji mengine.

“Mengi, mama.”

“Mungu asifiwe,” akasema. “Basi na wengine watapata.” Akakung'uta mikono, akaniuliza kama nimekula.